Yule Samaki Ulimpa Nani?

Mtoto wa marehemu kaka yangu anaishi Calgary, nchini Kanada, na kila apatapo nafasi hunitumia picha za huko kwa simu. Nyingi ni za theluji, nami nimekwisha kuzizoea. Lakini siku moja mwaka 2018 alituma kipande cha video ambacho kilitufanya sisi wa Bombambili, hapa Songea, tubishane mpaka chai ikapoa vikombeni.

Alionekana yeye mwenyewe, amevaa jaketi jekundu la kuelea, ameketi ndani ya kayaki, yaani ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja ambao wenyeji wa kaskazini ya mbali waliubuni kwa ngozi za sili, na ambao siku hizi hutengenezwa kwa plastiki. Ziwa lenyewe linaitwa Minnewanka. Lina urefu wa kilometa 21, limelala katikati ya Milima ya Rocky, na maji yake ni ya baridi ya kukata vidole. Kijana alihangaika na mshipi kwa muda mrefu, mara akiuvuta, mara akiulegeza, hata akamtoa samaki mkubwa wa kijivu mwenye madoa meupe, ambaye huko huitwa trauti wa ziwa. Akamkumbatia mbele ya kamera. Akambusu (Mungu ni shahidi yangu, alimbusu). Kisha akamwinamisha majini taratibu na kumwachia. Samaki akapiga mkia mara moja, akapotea.

Mama watoto, ambaye alizaliwa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliweka kikombe chini. "Mbona kamwachia? Watakula nini?" Nikamweleza kwamba wenzetu huvua kwa kujiburudisha, na kwamba kumrudisha samaki ni uungwana. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama hamtaki, alimwitia nini?"

Nililicheka swali lile. Mwaka uliofuata lilinirudia kwa namna nyingine, kutoka kwa ndugu yake wa kuzaliwa, na tangu hapo sijalicheka tena.

Ndugu msomaji, yafaa nikuambie kwanza mimi ni mvuvi wa aina gani, usije ukanidhania mtu wa maji. Mimi ni Mngoni. Wazee wetu walikuwa watu wa ng'ombe na mikuki. Waliuvuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, na katika safari yote ile ndefu sikupata kusikia kwamba walisimama mahali popote kwa ajili ya samaki. Nilifundisha shule kwa zaidi ya miaka thelathini, na uvuvi niliuanza uzeeni, baada ya kustaafu, kama wengine wanavyoanza kufuga nyuki. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, ndiye aliyenifundisha kukaa katika mtumbwi wa Nyasa, kazi ambayo si ndogo. Mtumbwi ule huchongwa kwa gogo moja, na mdomo wake huachwa mwembamba mno, hata mtu hawezi kuketi ndani yake kama anavyoketi katika boti. Huna budi kukaa juu ya kingo na kulinganisha kiuno chako na mawimbi. Mara ya kwanza nilianguka majini mara tatu kabla ya kifungua kinywa, na watoto wa kijiji chote walikuwapo.

Kwa nini niliendelea? Nimejiuliza mara nyingi. Samaki wako sokoni Songea, wabichi na wakavu, na pensheni yangu, ijapokuwa si ya kujivunia, inatosha kununua fungu. Jibu la kweli ni kwamba napenda ile saa ya alfajiri ambapo upepo haujaamka, ziwa limelala kama kioo, Milima ya Livingstone imesimama upande wa kaskazini kama ukuta wa buluu, na mshipi umelala juu ya kidole changu cha shahada ukisubiri. Napenda pia ule mshtuko. Hapa sitaki kujificha: samaki anapovuta, kuna furaha inayoingia mwilini ambayo haina uhusiano wowote na njaa. Mtu mwenye njaa hufurahi samaki akiwa ndani ya mtumbwi. Mimi hufurahi samaki akiwa bado anapigana.

Samaki ninayemzungumzia ni mbasa. Asiyemjua na afahamu kwamba ni samaki wa rangi ya fedha, mwembamba, mwenye nguvu, apatikanaye katika Ziwa Nyasa na mito yake tu duniani kote. Waingereza walipomwona upande wa pili wa ziwa, ambako huitwa mpasa, walimwita samoni, na ndugu yake mdogo, sanjika, wakamwita trauti. Kwa damu hawana undugu wowote na samoni wala trauti. Lakini jina halikukosea sana, maana tabia zao zinafanana. Mbasa hukimbiza usipa kule ziwani mwaka mzima, na mvua zinapojaza mito huacha maji makuu, hukusanyika mlangoni mwa mto, kisha hupanda juu dhidi ya mkondo kwenda kutaga kwenye changarawe. Mto mkubwa kuliko yote inayoingia katika ziwa lile ni Ruhuhu, unaoteremka kutoka nyanda za juu na kumwaga maji yake karibu na Lituhi, mpakani mwa Ruvuma na Ludewa. Basi kila mwaka, wakati wa mvua, mlango wa Ruhuhu huwa kama mlango wa kanisa siku ya Krismasi: kila mbasa anataka kupita hapo, na kila mtu mwenye wavu anajua hivyo.

Machi 2019 nilipanda gari la asubuhi, nikapita Kitai, nikateremka mpaka ziwani na mfuko wangu wa vifaa. Ndani yake kulikuwa na zawadi iliyotoka Calgary: chambo cha chuma kinachong'aa, umbo la kijiko kisicho na mpini, ambacho ukikiburuza nyuma ya mtumbwi huyumbayumba kama usipa aliyejeruhiwa. Nilifika nyumba ikiwa na shida. Muhogo ulikuwapo, lakini kitoweo kilikuwa haba. Mvua na maji machafu vilikuwa vimewafukuza usipa ufukweni kwa muda wa wiki nzima. Shemeji hakuniambia hayo. Mgeni haambiwi. Niliyaona mwenyewe kwenye sahani.

Alfajiri ya siku ya pili tuliingia majini, kila mtu na mtumbwi wake. Ipo mahali mbele ya mlango wa mto ambapo maji mekundu ya Ruhuhu hukutana na maji ya buluu ya ziwa, na mpaka wao huonekana wazi kama mshono wa kanga mbili. Tulipiga kafi polepole kando ya mshono ule, mishipi ikituburuzikia nyuma. Jua lilipopanda kidogo shemeji alikuwa na samaki wawili wadogo, wa kujaza kiganja. Mimi sikuwa na kitu. Halafu kidole changu kikavutwa kama mtu aliyeitwa kwa ghafula.

Sitasimulia pigano lote. Wavuvi tumekwisha kuwachosha watu kwa masimulizi hayo. Alikuwa mbasa jike, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nilipomshika tumboni ili nimtoe ndoana, mayai yalichuruzika juu ya mkono wangu, madogo, ya manjano, mengi ajabu. Nilimtazama jicho. Nikakumbuka ile video. Nikajisikia kujawa na wema ambao siwezi kuueleza, mithili ya mtu aliyesikia mahubiri mazuri. Nikamwinamisha majini nikamwachia.

(Kumbusu, hapana. Kuna mambo Mngoni hafanyi.)

Shemeji alikuwa umbali wa kutupa jiwe. Aliona kila kitu, hakusema neno. Tulirudi ufukweni saa nne. Wake kwa waume walikuwa wakitusubiri kwa macho ya kuhesabu. Wale samaki wawili walichemshwa kwa maji mengi, na kwa kuwa mimi ni mgeni na ni mkwe, mmoja mzima uliwekwa mbele yangu. Wa pili uligawanywa kwa watu saba.

Usiku, tulipoketi nje na moto umebaki makaa, ndipo aliponiuliza. Hakupandisha sauti. "Shemeji, yule samaki ulimpa nani?"

Nikamjibu nilivyokuwa nimejitayarisha: kwamba alikuwa na mayai, kwamba yule mmoja ni samaki maelfu wa kesho, kwamba nilimrudishia mto. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa mlango wa Ruhuhu, ambako taa mbili tatu zilikuwa zikitembea gizani. Walikuwa watu wakitega majarife kuziba njia ya mbasa, kama walivyofanya usiku uliotangulia. "Unadhani mto ndio uliompokea?" akasema. "Umewapa wale."

Asubuhi tulipita ufukweni. Mbasa walikuwa wamelazwa kwenye majani ya migomba wakisubiri wachuuzi, na wengi wao walikuwa majike yenye matumbo. Kama yule wangu alikuwamo, hakuna ajuaye. Nilijikuta nikitafuta mdomo wenye alama ya ndoana, nikaona aibu, nikaacha.

Sasa natafakari. Katika muda wote uliopita tangu siku ile nimejaribu kulijibu swali la shemeji kwa uaminifu, na jibu la kwanza nililolazimika kulitupa ni lile kwamba nilimpa samaki mwenyewe uhai wake. Huwezi kumpa mtu kitu ambacho wewe ndiwe uliyekuwa unamnyang'anya. Mwizi akirudisha nusu ya mali hasemi ametoa sadaka. Mbasa yule alikuwa na uhai wake kabla sijafika na kijiko changu kutoka Kanada. Nilichofanya ni kumwingizia chuma mdomoni, kumchosha kwa robo saa, kumtoa katika hewa isiyo yake, kisha kujisifu kwamba sikumaliza nilichoanza.

Wapo watakaosema samaki haumii. Nami nilipenda kuamini hivyo. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Uskochi, miongoni mwao Lynne Sneddon, walichapisha habari za trauti waliodungwa midomoni sumu ya nyuki au asidi ya siki. Samaki wale walihema kwa kasi, waliyumba huku na huku, na wale wa asidi walisugua midomo yao kwenye changarawe. Walikaa muda mrefu bila kula kuliko wenzao waliodungwa maji ya chumvi. Wataalamu wengine, mathalani James Rose wa Chuo Kikuu cha Wyoming, walipinga, wakisema ubongo wa samaki hauna sehemu zile ambazo kwa binadamu ndizo huhisi maumivu kama maumivu. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi si mtaalamu wa ubongo. Lakini nimefundisha watoto muda wa kutosha kujua kwamba mtu anapoanza kutafuta ushahidi kwamba aliyepigwa hakuumia, aghalabu yeye ndiye aliyepiga.

Jambo hili la kumwachia samaki si dogo katika nchi nyingine. Uswisi, kwa kanuni za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008, haimruhusu mtu kwenda kuvua akiwa na nia ya kuwarudisha samaki majini. Hoja yao inakaribiana ajabu na ile ya mama watoto: ukitaka kula, vua, usipotaka kula, umwitie nini? Marekani na Kanada, kwa upande mwingine, kumrudisha samaki hufundishwa kama adabu ya mvuvi mstaarabu, na wanayo sababu. Trauti wa ziwa hukua polepole katika maji yale ya barafu, huchukua miaka mingi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na anaweza kuishi zaidi ya miaka arobaini. Ukimuua mkubwa mmoja umeua mzee wa ziwa. Kwa hiyo sitaki kumhukumu mwanangu wa Calgary. Pale alipo, nyuma yake hakuna jarife, na nyumbani kwake hakuna sahani inayosubiri.

Hata hivyo, samaki yuleyule, katika nchi jirani na hiyo, anadaiwa jambo jingine kabisa. Katika Ziwa Yellowstone, huko Marekani, trauti wa ziwa hakuwa mwenyeji. Aligunduliwa humo mwaka 1994, baada ya watu kumwingiza. Akawala trauti wa asili wa ziwa lile. Hao wa asili walikuwa wakipanda vijito kutaga, na dubu na ndege wakipata riziki yao hapo. Huyu mgeni hutaga vilindini, dubu hamwoni. Basi huko sheria inamtaka mvuvi amuue kila trauti wa ziwa anayemkamata. Kumwachia, ambako Calgary ni uungwana, Yellowstone ni kosa. Kitendo ni kilekile, mkono ni uleule, na pengine hata lile busu lingekuwa lilelile. Nilipolisoma hilo nilielewa kwamba wema haukai ndani ya kitendo kama utamu unavyokaa ndani ya muwa. Inabidi uulize ziwa gani, samaki gani, na nani amesimama ufukweni.

Na kuna huruma nyingine ambayo ni uongo mtupu. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, ingawa samaki huishi katika tabaka la juu tu, kwa sababu chini ya mita 250 au karibu na hapo maji hayana hewa. Wengi wa samaki wake, wale wa ukoo wa perege, wana kibofu cha hewa kisichokuwa na njia ya kutokea mdomoni. Ukimvuta mmojawapo haraka kutoka mita arobaini, hewa ile hutanuka ndani yake, tumbo likavimba, pengine utumbo ukatokeza. Ukimrudisha majini ataelea juu, ubavu juu, mpaka ndege amwone. Trauti na mbasa wana njia ya kutoa hewa, wao huweza kupona. Nimewaona wageni, watu wema kabisa, wakimrudisha samaki aliyevimba namna ile, wakampungia mkono wa kwaheri.

Lakini nikirudi kwa shemeji, nadhani hata maumivu ya samaki siyo yaliyomuudhi. Yeye ameua samaki tangu utotoni na hana habari na Uskochi. Kilichomuudhi, kama nilivyomwelewa baadaye, ni kwamba nilitoa sadaka kwa kitoweo cha watu wengine. Nilipomwachia mbasa, nilijisikia mwema mimi, na waliolipa gharama ni watoto wa dada na kaka zake waliokunywa mchuzi wa maji. Mimi nilikuwa na nauli ya kurudi Songea mfukoni. Ningeweza kununua samaki wale waliolazwa kwenye majani ya migomba. Na kwa kweli asubuhi ile nilinunua wanne, nikavipeleka nyumbani kwa unyenyekevu wote, yaani nilinunua kwa fedha kile nilichokitupa bure jana yake, tena majike.

Mtu atasema: ulikosea kwa kuwa watu walikuwa na njaa, wasingekuwa na njaa, ungekuwa umefanya vyema. Sina hakika. Nafikiri kosa lilikuwa limekwisha kutendeka kabla ya mbasa kushika ndoana, na hapa ndipo nilipojifunza jambo kwa shemeji ambalo hakukusudia kunifundisha.

Nilikuwa nimemjua kwa miaka mingi, na sikuwa nimegundua kwamba jarife lake, ambalo ni zuri, la nyuzi imara, huning'inia ukutani miezi yote ya mvua. Hulitumia kiangazi, mbali na mto. Wakati mbasa wanapanda, yeye huvua kwa mshipi tu, samaki mmoja mmoja, na akimpata humla, awe jike awe dume, na mayai yake. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa ufupi kana kwamba nimemuuliza kwa nini hafungi mlango wa nyumba ya jirani: "Mlangoni pa mtu hupasibi." Hakuna afisa uvuvi aliyemlazimisha. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na ina makatazo yake juu ya makokoro na sumu na mengineyo, lakini taa zile za usiku zinaonyesha sheria inalala saa ngapi. Yeye amejiwekea mpaka wake. Nao mpaka huo unakuja kabla ya ndoana. Akisha kuuvuka, hajifanyi tena mwenye huruma. Ile yangu ilikuja baada ya ndoana, nilipokuwa nimekwisha kupata furaha yangu yote. Nilikula tunda nikasamehe mbegu.

Naona baadhi ya wasomaji wananitazama kwa mashaka. Je, si kweli kwamba mbasa wanapungua? Ni kweli, na katika mito ya upande wa Malawi habari ni hiyohiyo: nyavu zinazoziba milango, na mashamba yanayoshuka mpaka kingoni na kujaza mchanga juu ya changarawe za kutagia. Je, si heri basi kila jike mmoja arudishwe, kwa sababu yoyote ile, hata kama aliyemrudisha alikuwa anajipenda mwenyewe? Hoja hii ina nguvu, na sijafaulu kuivunja. Samaki haulizi nia ya aliyemwachia. Kama yule wangu alipita kati ya majarife usiku ule, akapanda Ruhuhu, akataga, basi wako mbasa leo ziwani ambao ni watoto wa majivuno yangu, na ni mbasa kamili. Ninalolikataa ni kuitwa mwema kwa ajili hiyo. Mtu anaweza kufanya jambo la manufaa akiwa hana haki ya kujisifu. Walimu tunalijua hilo kuliko wote.

Tangu hapo nimebadilika kidogo, si sana. Siendi tena mlangoni mwa mto wakati wa mvua kwa ajili ya kujiburudisha. Naenda Aprili inapokwisha, kabla upepo wa kusini, ambao wenzetu wa Malawi huuita mwera, haujaanza kulichafua ziwa na kuifanya mitumbwi midogo ibaki mchangani. Naenda siku ambazo nyumba inahitaji kitoweo, na ninachopata nakipeleka nyumbani. Furaha ya kidole haijaniacha. Sidhani kama itaniacha. Nimeacha tu kuisingizia kuwa ni kitu kingine.

Kile kijiko cha chuma nilimpa shemeji. Alikitazama, akakipima uzito, akasema ni kizuri, akakifunga kwenye mshipi wake siku hiyohiyo.

Mwaka 2022 nilimkuta tena wakati wa mvua, kwa ajili ya msiba wa ukoo, si kwa uvuvi. Baada ya matanga tulitoka pamoja alfajiri, maana wageni walikuwa bado wengi na chakula kimepungua. Taa za majarife zilikuwa zimeongezeka, nilihesabu saba. Tulipata mbasa wawili, dume na jike, wote kwenye mshipi wake. Wakati wa kurudi aliinama kukumba maji yaliyoingia mtumbwini, akitumia kopo la rangi, nami nikaona nafasi yangu imefika.

"Shemeji," nikamwambia, "na hao usiowatega, miaka yote hii, unampa nani?"

Aliendelea kukumba. Alikumba mpaka sakafu ya mtumbwi ikaonekana, akalitundika kopo mahali pake, akatazama zile nyavu ambazo wenyewe walikuwa sasa wanazivuta, nzito, zikimetameta.

"Hilo tuulizane tukisha kula," akasema.

Tulikula wote wawili mchana ule, pamoja na wageni. Mayai ya yule jike yalikaangwa kando, yakapewa watoto.